Risasi Hamsini za Kwanza

Mezani kwangu hapa North York, pale pale tunapolia ugali, nimewahi kutengeneza risasi hamsini zenye uwezo wa kuning'oa vidole, na zote zilikuwa zimelingana vizuri sana. Nalitaja hilo la kulingana kwa sababu ndilo nililojivunia.

Mimi ni mtoto wa kwanza. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa kidato cha pili. Ukoo ulikaa kikao kirefu, ukala wali wa matanga ukamaliza sufuria mbili, kisha ukaamua kwa kauli moja kwamba mimi nina akili sana, kwa hiyo niache shule. Nikaacha. Nilishona sare za wadogo zangu wawili, nilipika sabuni kwenye debe, nilikata nywele kwa mkasi wa kitambaa na nywele zikafanana na kitambaa. Baadaye nilitangulia Kanada, nikajaza fomu kwa miaka, na serikali ya hapa ikaniruhusu kuwaleta kwa kuwa walikuwa yatima walio chini ya umri. Ndiyo mara pekee uyatima wetu ulipotufaa.

Mdogo wa kiume alihamia magharibi, kwenye baridi zaidi, kwa sababu zake. Kitinda mimba nilibaki naye. Ni muuguzi sasa. Ana vyeti vinne ukutani, na mimi ndiye niliyepigilia misumari.

Kazi yangu ni kwenye ghala la mizigo Malton. Miaka kadhaa iliyopita mwenzangu wa zamu alinipeleka kwenye klabu ya kulenga shabaha, akitegemea kucheka. Nilishika bastola kwa mara ya kwanza, nikafyatua, nikatoboa katikati ya karatasi. Nikarudia. Mwenzangu hakucheka, na hajanialika tena. Lakini mimi nilikuwa nimegundua kwamba mikono yangu, ambayo hakuna shule iliyowahi kuipa maksi, haitetemeki. Nilisoma kozi ya usalama, nikafaulu mtihani usiouliza ulimaliza kidato gani, nikapata leseni, nikanunua bastola moja kabla serikali haijafunga mlango wa kununua. Inakaa ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, na ndani ya kabati ina kufuli nyingine. Bangili za marehemu mama hazijawahi kulindwa hivyo.

Mdogo wangu hakupenda. Kila Jumapili jioni nilipotoka klabuni alikuwa na la kusema.

"Dada, wenzio wa umri wako wanajiunga na kwaya."

"Kwaya wananiomba ninyamaze."

"Basi hata kufuma."

Safari hii, baada ya miaka ya kunikatalia, alikubali kuja kuona. Jumapili baada ya ibada, saa moja tu, akiwa mgeni wangu, na angefyatua risasi chache nikiwa nimesimama ubavuni mwake, kama sheria inavyotaka. Ndipo mimi, kwa hekima niliyokusanya nje ya shule, nikaamua kwamba hatafyatua risasi za dukani. Atafyatua nilizotengeneza mwenyewe. Sitaficha sababu. Nilitaka mara moja maishani aone ninafanya jambo la mizani na vipimo, jambo ambalo akikosea mtu kidogo tu limeharibika, na mimi sijakosea.

Mzee mmoja wa klabu, Mreno, fundi bomba mstaafu, aliniazima vifaa vyake vya zamani na akanifundisha kwa majuma mawili. Si kazi ngumu kueleza. Unaokota maganda ya shaba ya risasi ulizokwisha kufyatua, unayasafisha, unayarudisha umbo lake kwa mashine ya mkono. Chini ya kila ganda unabana fataki mpya, kile kidude kinachotoa cheche. Kisha unatia baruti kwa kipimio chenye mkono: unaupandisha, unaushusha, baruti inamwagika kipimo kimoja. Mwisho unakandamiza kichwa cha risasi juu yake, na imekwisha. Maganda yanasimama wima kwenye trei ya mbao yenye matundu hamsini, mistari mitano ya kumi kumi.

"Wakati wa kutia baruti," mzee aliniambia, "simu nje, televisheni nje, watu nje. Ukikatizwa, unamwaga zote unaanza upya. Na kabla ya kufunga, unamulika tochi ndani ya kila ganda. Zote ziwe sawa."

"Nimeelewa."

"Baruti hii haijazi ganda. Theluthi tu. Kwa hiyo ukitia mara mbili, nafasi ipo, haimwagiki, haikuambii kitu. Inakuja kukuambia siku ya kufyatua, mkononi mwako."

"Nimeelewa, mzee."

"Kila mwanafunzi wangu ameelewa," akasema, akaonyesha mkono wa kushoto wa rafiki yake aliyekuwa anakunywa kahawa meza ya pili. Rafiki yake alitupungia. Alitupungia kwa vidole vitatu.

Basi Jumamosi hiyo, mdogo wangu akiwa zamu ya mchana, nilipeleka simu chumbani, nikazima televisheni, nikafunga mlango. Nilijaza mstari wa kwanza, nikapima ganda la kwanza kwenye mizani, likawa sawasawa na kitabu. Nikajaza wa pili. Nilikuwa nimefika kama katikati ya wa tatu niliposikia mlangoni: "Hodi hapa."

Watu wa Toronto hupiga simu kabla ya kuja. Shangazi huyu ameishi hapa miaka mingi kuliko mimi na desturi hiyo haijamfikia. Si shangazi wa damu, ni wa kanisani, mkuu wa akina mama wa maombi, na mlinzi wa jengo letu huwa anamfungulia kwa kuwa anadhani ni mama yangu. Hajakosea sana.

Huwezi kumwambia mtu kama yule arudi kesho. Wapo watu wanaoweza, sikulelewa nao. Nilifungua.

"Karibu, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umejifungia kama mgonjwa?" Alikuwa ameshavua viatu na ameshafika mezani. Akainamia trei. "Hii nini? Wanja?"

Nataka mnielewe. Vikopo vidogo vya shaba, unga wa kijivu unaoelekea weusi, vimepangwa vizuri. Mtu yeyote aliyekulia pwani angesema wanja. Na mimi nilikuwa na nafasi nzima, pana, ya kusema ukweli. Nilichofikiria ni kanisa kesho asubuhi, na akina mama thelathini wakigeuka kutazama ninavyoingia. Watu wanajua nafanya kazi na nalipa zaka. Bastola sikuwa nimewaambia.

"Kitu kama hicho," nikasema.

"Wa kuuza?"

"Bado najifunza."

"Hebu nione unavyofanya."

Na mimi, niliyeambiwa watu nje, nikapandisha mkono wa kipimio, nikaushusha, nikapandisha tena, nikaushusha, maganda mawili, mbele ya mgeni, nikitabasamu kama mpishi kwenye televisheni. Kisha nikaenda jikoni kumchemshia chai, kwa sababu mgeni hakai bila chai, na chai ya maziwa na tangawizi haiharakishwi. Nilipasha na chapati. Nilikawia.

Niliporudi alikuwa ameketi kwenye kochi, mikono mapajani, ametulia kama aliyemaliza kusali. Trei ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa changu cha sahani. Nikasema moyoni, mtu mstaarabu huyu, ameikinga vumbi. Hakuniambia kitu, nami sikuuliza. Kwetu anayetaja msaada wake anaonekana anasimanga.

Tulikunywa chai. Tulizungumzia nani kaolewa Mississauga na ukumbi ulikuwa na baridi kiasi gani. Kabla ya kuondoka alinishika mikono akaiombea kazi yangu. Aliomba iongezeke.

Alipotoka nilifunua kitambaa. Maganda yote hamsini yalikuwa na baruti.

Nilisimama pale. Nilikumbuka nimeishia mstari wa tatu. Kisha nikakumbuka kwamba huenda sikumbuki vizuri, maana nilikuwa na wasiwasi wa chai. Mzee alisema ukikatizwa unamwaga zote. Lakini mzee hakujua kwamba mdogo wangu anatoka zamu saa kumi na mbili, na kwamba nilitaka akifika akute sanduku limejaa. Kwa hiyo nikafanya busara ya nusu, ambayo ni mbaya kuliko ujinga mzima: nikachukua tochi nikamulika. Mstari wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano. Zote sawa. Hakuna iliyozidi, hakuna iliyopungua. Sijawahi kuona kitu nilichotengeneza mimi kimelingana hivyo. Mizani ilikuwa hapo hapo, imewaka, inasoma sifuri. Niliiangalia, ikaniangalia.

Nikakandamiza vichwa vyote hamsini na kuzipanga kwenye sanduku la plastiki.

Mdogo wangu aliingia akiwa bado na sare ya hospitali. Alinawa, akaja mezani, akachukua risasi moja akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii umetengeneza wewe?"

"Mimi."

"Hii yote? Hata ule unga wa ndani?"

"Kipimo kwa kipimo."

"Nzuri, dada," akasema, akairudisha polepole mahali pake, jinsi anavyorudisha vitu vya wagonjwa. Nadhani kichwa changu kilikuwa kimegusa dari simu ilipolia. Alikuwa shangazi. Niliweka spika kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na mafuta ya mashine.

"Mwanangu, huo wanja wako unawasha."

"Umeupaka?"

"Jicho moja tu, la kushoto. Nilichukua kidogo nikafunga kwenye leso, nikasema niupime kabla sijawaambia wenzangu wanunue."

Mdogo wangu alikuwa ameshainamia simu. Hakujua wanja gani, lakini sauti ya mtu anayeumwa jicho anaijua. "Shangazi, shikamoo, ni mimi. Nenda bombani sasa hivi. Maji yatiririke juu ya jicho dakika kumi na tano. Usilisugue."

"Marahaba. Naenda. Lakini mwambie dada yako asiwapunje watu. Vikopo vile alikuwa ametia theluthi. Mteja akifungua akakuta theluthi harudi. Mimi nimemwongezea. Vile alivyotia yeye nimeongeza mara moja, na vile vitupu nimetia mara mbili mbili, vikalingana. Hata shukrani sitaki."

Mdogo wangu alinitazama. "Wanja gani?"

Nimewahi kusimama mbele ya afisa wa uhamiaji nikiwa na pasipoti inayoisha kesho yake. Siku ile ilikuwa nyepesi.

"Shangazi," nikasema, "si wanja. Ni baruti."

"Baruti ya nini?"

"Ya risasi. Nina bastola. Ina leseni, imefungiwa kabatini. Nilikudanganya."

Maji ya bomba yalisikika.

"Na mimi nimeipaka jichoni."

"Ndiyo, shangazi."

"Na nikaiombea."

"Uliiombea iongezeke."

"Basi ngoja nioshe jicho," akasema. "Tutaongea."

Tukabaki wawili na sanduku katikati. Mzee alikuwa ameniazima nyundo ya plastiki yenye tundu kichwani, ya kung'olea risasi iliyokosewa: unaichomeka humo, unagonga sakafu, kichwa cha risasi na baruti vinatoka. Niling'oa moja. Nilimimina baruti yake kwenye mizani mbele ya mdogo wangu. Ilikuwa kipimo mara mbili kamili. Shangazi ana mkono mzuri.

"Hii ingefanya nini?" aliuliza.

"Ingepasua bastola."

"Ikiwa mkononi mwa nani?"

"Risasi ya kwanza kesho ilikuwa yako."

Akaviangalia vidole vyake, vile vinavyotafuta mshipa wa damu kwa mtoto mchanga na kuupata. Mimi nikafungua kinywa na kusema jambo la kipuuzi kuliko yote ya siku ile. Nilisema labda tungezipima nzima nzima, moja moja, pengine zipo alizosahau kuongeza, hizo tungeziacha.

"Wodini," akasema, "dawa iliyoguswa na mtu usiyejua alifanya nini haipimwi upya. Inamwagwa. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua." Hakupandisha sauti. "Si kukosea kunakoniuma, dada. Mimi nakosea, ndiyo maana tunakaguana. Tulipokuwa watoto wewe ulitunyima chakula cha jioni kwa uongo mdogo tu tuliokudanganya kuhusu kalamu ya risasi. Leo umeshindwa kumwambia shangazi neno moja, kwa ajili ya macho ya watu kanisani. Kesho siji."

Akaenda chumbani.

Nilipeleka sanduku bafuni, kwenye sakafu ya vigae, nikaanza kung'oa. Kila moja inataka kugongwa mara tatu, nne. Arobaini na tisa. Nilipofika kama ya ishirini jirani wa chini aligonga dari yake kwa ufagio, nikamwelewa. Nilikunja taulo, nikaweka kipande cha ubao juu, nikaendelea. Baadaye kidogo mlango wa bafu ulifunguliwa. Mdogo wangu aliketi ukingoni mwa beseni la kuogea, akachukua bakuli la baruti, akalishika chini ya mikono yangu ili isimwagike. Tulimaliza zote, na alihesabu vichwa vya risasi mara mbili.

Kanisani kesho yake shangazi aliingia amevaa miwani ya jua, akakaa nayo ibada nzima. Jicho lilikuwa limeshapoa. Miwani ilikuwa kwa ajili yangu. Nilimfuata mwenyewe kwenye chai ya baada ya ibada, mbele ya wenzake, nikaomba msamaha kwa sauti ya kusikika.

"Ungeniambia ni baruti nisingeongeza," akasema. "Unadhani mimi mtoto?"

Habari ilikuwa imeshafika kila meza, kama nilivyoogopa. Nilijiandaa kwa kutengwa. Kilichotokea ni kwamba mama mmoja alinivuta pembeni akaniuliza leseni inachukua muda gani, na mwingine kama ndani ya kabati la chuma naweza kumtunzia pete. Miaka yote hiyo nilikuwa naficha kitu ambacho hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukishangaa.

Mzee Mreno alikuwa mgumu zaidi. Nilimweleza yote, bila kupunguza.

"Ulimulika tochi?"

"Nilimulika. Zilikuwa sawa."

"Sawa na nini?" akauliza.

Alitaka kuchukua vifaa vyake. Nikamwambia akivichukua nitanunua vingine, kwa hiyo afadhali nikosee akiniona. Alifikiri, akaniachia.

Jumamosi iliyofuata nilipanga tena maganda mezani. Mdogo wangu alikuwa na siku ya mapumziko. Alitoka chumbani akiwa na kikombe chake cha kahawa, akakiweka mbali jikoni, akavuta kiti.

"Siji kulenga," akasema. "Nimekuja kukagua."

Alikagua kama wanavyokagua dawa za hatari. Nilitia baruti, nikataja namba. Yeye akamulika, akairudia namba. Kila ya kumi ilikwenda kwenye mizani na aliisoma yeye, mimi nikiwa nimegeuza uso. Mara mbili alisema "mwaga," na sikuuliza kwa nini. Tulikuwa mstari wa nne hodi ilipobishwa. Tulitazamana.

Nilikwenda mlangoni sikuufungua. "Shangazi, shikamoo. Leo napima baruti. Siwezi kukufungulia mpaka nimalize."

Sijawahi kumtamkia mtu mzima maneno kama hayo. Nilisikia akivuta pumzi.

"Marahaba," akasema upande wa pili. "Nitakaa chini kwa mlinzi. Msiharakishe kwa ajili yangu, msije mkakosea."

Nilirudi. Mdogo wangu alikuwa ameshamwaga baruti ya maganda yote ya trei kwenye bakuli. Tulikuwa tumekatizwa. Tukaanza upya kutoka la kwanza, na shangazi alikaa na mlinzi saa nzima na robo.

Kesho yake tulikwenda klabuni, wawili. Alisema anakuja kuona tu kama kazi yake ilikuwa sahihi. Nilimsimamisha nyuma ya mstari, miwani machoni, viziba masikio juu ya nywele alizosukwa juzi. Nikafyatua kumi za kwanza mwenyewe, moja moja, nikishusha bastola baada ya kila moja na kukagua mtutu. Mzee alikuwa amesimama mbali kidogo, amefunga mikono kifuani. Risasi zilikwenda kama risasi. Nilichomoa kasha la risasi kwenye bastola, nikaiweka mezani ikiwa tupu, mdomo kwa mbele, nikarudi hatua moja. Sikumkaribisha. Nilikuwa nimeshamkaribisha mara moja.

Alisogea mezani akafungua sanduku.

"Zile nilizosoma mwenyewe kwenye mizani ni zipi?"

Nilimwonyesha. Zilikuwa nne zilizobaki, nimezitia alama ya kalamu kwenye kitako. Alizichukua zote, akazishika kiganjani kwa muda, kisha akaniuliza miguu inakaaje. Nilimwonyesha miguu. Nilimwonyesha mikono. Nilisimama karibu kiasi kwamba nilisikia anavyopumua.

Ya kwanza ilipiga fremu ya mbao, mali ya klabu. Alishusha bastola jinsi nilivyomfundisha, kidole nje, mdomo kwa mbele, akaangalia vidole vyake, kisha akaniangalia mimi.

"Zimebaki tatu," akasema.

"Tatu," nikarudia.

Akainua mikono.